Liège, mji wa masomo: pale meza ya Wahispania inapomkumbusha mtu wa Likasi nyumbani

LIKASI – Katika nyumba nyingi za Likasi, siku ya makayabu huanza jana yake. Samaki wa chumvi analowekwa usiku kucha, maji yanamwagwa na kubadilishwa, na kesho yake anapikwa kwa nyanya na kitunguu, bukari ikiwa pembeni. Mtoto wa Kikula au wa Panda aliyepata burse ya kwenda kusoma Ubelgiji hakuwa na sababu ya kufikiri kwamba samaki huyo anamngojea huko, katika sahani ya Wahispania, kandokando ya mto Meuse.

Lakini ndivyo ilivyo. Katika mji wa Liège, mashariki mwa Ubelgiji, Wahispania wamekuwa wakipika kwa zaidi ya miaka 60. Samaki wao wa chumvi anaitwa bacalao. Naye hulowekwa siku nzima au mbili, maji yakibadilishwa mara kadhaa, kisha akapikwa kwa nyanya, kitunguu na pilipili nyekundu tamu.

Mtu wa Katanga aliyesoma Liège na sasa anapata nafasi ya kurudi kutembea, hutafuta kwanza vitu vya Kibelgiji alivyoviacha: chipsi za moto, gofri za sukari, zile tonge za nyama zinazoitwa boulets. Hivyo vyote viko. Ila kuna meza nyingine ambayo wengi hawakuwa na pesa ya kuikaribia walipokuwa wanafunzi, na ambayo historia yake iko karibu sana na historia ya Likasi. Ni meza iliyoletwa na watu wa migodi.

Shaba na makaa

Kwa nini Liège? Jibu liko chini ya ardhi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na wahandisi walioijenga walitoka katika shule za Ubelgiji, nchi iliyokwisha kuzoea makaa ya mawe, chuma na tanuru. Liège ilikuwa kitovu kimoja cha kazi hiyo. Tangu mwaka 1817, John Cockerill alikuwa ameanza viwanda vyake pale Seraing, kilometa chache tu kutoka katikati ya mji.

Likasi nayo ilizaliwa na kazi ya namna hiyo. Ulikuwa mji wa shaba, na kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha madini hayo mwaka 1929. Wabelgiji waliuita Jadotville, kwa heshima ya mhandisi na mkubwa wa kampuni, Jean Jadot. Jina la Likasi lilirudi rasmi mwaka 1966.

Chuo kikuu cha kwanza cha Katanga kilipopokea wanafunzi mwaka 1956, pale Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, Chuo Kikuu cha Liège kilikuwa karibu nacho tangu mwanzo. Hadi leo Liège na Lubumbashi ni miji pacha. Kwa hiyo, kijana wa Likasi aliyependa hesabu na kemia alikuwa na njia aliyoisikia ikitajwa nyumbani na shuleni: shule ya ufundi, Lubumbashi kilometa 120 kutoka kwao, na kwa wachache, ndege ya kwenda Liège, Mons, Louvain au Bruxelles.

Njia hiyo haikuwa wazi siku zote. Baada ya wanafunzi kushambuliwa katika kampasi ya Lubumbashi, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa, na ushirikiano wa nchi hizo mbili ukavunjika. Kwa familia nyingi za Katanga, mlango wa burse za Ubelgiji ulifungwa au kubaki wazi kidogo tu. Waliokuwa wamekwisha kusoma huko walibaki na diploma, picha chache, na mji wa mbali ambao hawakujua kama watauona tena.

Kushuka Guillemins

Anayerudi Liège kwa treni kutoka Bruxelles, safari ya saa moja hivi, hushuka katika kituo cha Liège-Guillemins. Kama alisoma kabla ya mwaka 2009, hatakitambua. Kituo cha zamani kimebomolewa. Mahali pake pamesimama jengo kubwa jeupe la chuma, kioo na zege, ambalo paa lake limejipinda kama mgongo wa wimbi na halina ukuta wa mbele. Mwanga unaingia kutoka kila upande.

Aliyelichora jengo hilo ni Mhispania, Santiago Calatrava, aliyezaliwa mwaka 1951 karibu na Valencia. Valencia ndiyo nchi ya paella, ule wali wa zafarani unaopikwa katika kikaango kipana. Kwa hiyo, mgeni anayekwenda kutafuta chakula cha Uhispania mjini Liège huanza kwa kupita chini ya paa la mtu wa Valencia.

Kutoka hapo, mengine pia yamebadilika. Tangu tarehe 28 Aprili 2025 tramu mpya inapita mjini kandokando ya mto. Mtaa wa Carré, ambako wanafunzi hupenda kukutana usiku, uko palepale. Kampasi ya Sart Tilman, juu ya kilima chenye msitu, bado inahitaji basi. Na Jumapili asubuhi soko la La Batte linajipanga kwenye ukingo wa Meuse kama zamani: kuku hai, jibini, maua, nguo, na pipa za zeituni. Hapo ndipo mtu wa Likasi hupunguza mwendo. Anasikia Kifaransa, Kiitaliano, Kiarabu, Kituruki na Kihispania, kila mtu akiita wateja kwa sauti yake, kama sokoni kwao ambako Kiswahili, Kisanga, Kibemba na Kiluba hukutana juu ya meko moja ya unga.

Msiba wa Marcinelle ulivyoleta Wahispania

Wahispania walifikaje hapa? Habari inaanza na vifo. Tarehe 8 Agosti 1956 moto uliwaka katika mgodi wa makaa wa Bois du Cazier, pale Marcinelle, karibu na Charleroi. Watu 262 walikufa chini ya ardhi. Kati yao 136 walikuwa Waitaliano.

Wakati huo Ubelgiji ilikuwa ikitegemea sana Waitaliano. Kwa mkataba wa mwaka 1946, Italia ilikubali kutoa wafanyakazi 50,000 ili nayo ipate makaa. Wengi wao walipofika walilazwa katika mabanda yaliyokuwa yamefungiwa wafungwa wa vita. Baada ya Marcinelle, Italia ilisema basi, haitumi watu wengine katika hali kama hiyo.

Migodi ilihitaji mikono. Ubelgiji ikageukia Uhispania, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Novemba 1956, hata miezi minne haijapita baada ya msiba. Wagiriki walifuata mwaka 1957, na mwaka 1964 ikawa zamu ya Wamoroko na Waturuki. Katika Wahispania waliofika Liège, wengi walitoka Asturias, jimbo la kaskazini la milima na mvua, ambako watu walikuwa wamezoea kuchimba makaa nyumbani kwao. Walikimbia umaskini, na wengine walikimbia utawala wa Jenerali Franco.

Msomaji wa Likasi hahitaji kuelezwa sana mambo haya. Union Minière nayo ilitafuta mikono mbali: Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Ruanda-Urundi, Lomami na Kasai. Watu waliwekwa katika kambi za wafanyakazi na kupewa posho ya unga, maharagi na samaki kwa kipimo. Wazee wa Likasi wengi ni watoto au wajukuu wa kambi hizo. Nao wanajua jambo moja ambalo Mwasturias wa Liège analijua pia: mtu aliyehamishwa na kazi huacha nyumba, shamba na makaburi ya wazazi, lakini jinsi ya kupika huondoka nayo.

Ndivyo vyakula vya Uhispania vilivyoingia Liège. Kwanza vilipikwa katika jiko la nyumba ya mchimbaji. Kisha vikafika katika vyama vya Wahispania, ambako watu walikutana Jumapili kucheza karata, kuongea lugha yao na kula pamoja. Baadaye vikafika katika mikahawa ambayo leo kila mtu anaingia.

Mezani

Kuna mambo machache ambayo mgeni anafaa kuyajua kabla ya kuagiza.

La kwanza, Wahispania wanapenda sahani ndogo ndogo zinazoitwa tapas. Zinawekwa katikati ya meza na kila mtu anachukua. Aliyekua akila bukari na ndugu zake katika sahani moja hatapata shida. Katika sahani hizo kuna zeituni, kuna samaki wadogo waliokaangwa au kulowekwa katika siki, ambao mtu wa Katanga atawafikiria pamoja na kapenta, na kuna tortilla.

Tortilla ya Uhispania si mkate wa Mexico wenye jina hilohilo. Ni kimanda kinene cha mayai na viazi, kitunguu kikiwemo au kisiwemo, kwa maana Wahispania wenyewe hawajamaliza ugomvi huo. Kinakatwa vipande kama keki na kuliwa cha moto au kilichopoa. Kwa mwanafunzi ndicho chakula cha Kihispania cha bei ndogo kuliko vyote, na mara nyingi ndicho cha kwanza alichowahi kuonja.

Kisha kuna fabada, chakula cha Waasturias wenyewe. Ni maharagi makubwa meupe yanayopikwa taratibu kwa saa nyingi pamoja na nyama ya nguruwe ya mafuta, soseji nyekundu ya chorizo na soseji nyeusi ya damu. Ni chakula cha mtu atakayeshuka mgodini au atakayelima mlimani kwenye baridi. Ukikila saa sita mchana, mpaka jioni hutaki kitu kingine.

Hapa panahitaji tahadhari. Wahispania wanapenda sana nguruwe, na mara nyingine vipande vyake vinajificha katika chakula ambacho jina lake halisemi lolote. Kwa Mwislamu, kwa Mkimbanguisti na kwa Muadventisti wa Likasi ni vizuri kuuliza kabla. Tortilla ya kawaida, bacalao kwa nyanya, wali wa mboga na gazpacho, ile supu baridi ya nyanya, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na siki, ni sahani ambazo kwa kawaida hazina nyama hiyo. Muadventisti anayefuata mafundisho ya kanisa lake ataacha pia kamba na kome, ambao hupenda kuonekana juu ya paella za mikahawa.

Hiyo paella, nyumbani kwake Valencia, haikuanza na vitu vya bahari. Ilikuwa chakula cha wakulima wa mpunga: wali, kuku, sungura, maharagi mabichi, nyanya na zafarani, juu ya moto wa kuni. Wali haukorogwi. Ule ulioshika chini ya kikaango, uliokauka na kuwa kama ngozi, ndio watu wanaougombania. Kwetu tunauita ukoko, na watoto nao wanaugombania.

Maneno ambayo hayahitaji kutafsiriwa

Mtu anayesema Kiswahili akisoma karatasi ya vyakula ya Wahispania atakuta maneno anayoyajua. Sukari ni azúcar. Zafarani ni azafrán. Zeituni ni aceituna. Limau ni limón. Biringani ni berenjena.

Si bahati tu. Mwaka 711 Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini walivuka bahari na kuingia Uhispania. Utawala wao wa mwisho, ule wa Granada, ulianguka mwaka 1492. Katika miaka hiyo karibu 800 walileta mifereji ya kunyweshea mashamba, mpunga, miwa na miti ya matunda, pamoja na majina ya vitu hivyo. Upande wa pili, Kiarabu hichohicho kilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa majahazi, kikaingia katika Kiswahili, na Kiswahili kikapanda bara hadi Maniema na Katanga. Mpunga nao ulipita njia hiyo: wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu waliulima kwa wingi Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19. Lugha ya Valencia na lugha ya Kasongo zilikopa kutoka duka moja.

Kuna deni lingine, nalo linakwenda hadi kwenye bukari. Mwaka uleule wa 1492 Christophe Colomb, akisafiri kwa pesa za wafalme wa Uhispania, alifika Amerika. Kutoka huko Wahispania na Wareno walirudi na mahindi, viazi, nyanya, pilipili, maharagi na mihogo. Bila safari hizo hakuna tortilla ya viazi, hakuna chorizo nyekundu, hakuna gazpacho. Na huku kwetu hakuna bukari ya mahindi wala sombe. Wareno waliyafikisha mazao hayo pwani ya Angola na ya Kongo, na njia za biashara za Walunda zikayaingiza ndani kidogo kidogo.

Kwa hiyo, chakula ambacho mtu wa Likasi anakiita cha kwetu, na kile ambacho Mwasturias anakiita cha kwao, vyote viwili vilisafiri sana kabla ya kupata kwao.

Mgodi ukifungwa

Anayerudi Liège ataona pia kitu kinachouma. Migodi ya makaa imekwisha. Wa mwisho wa eneo hilo, ule wa Blegny, ulifungwa mwaka 1980. Leo watalii wanashuka humo na kofia za chuma kichwani kuangalia jinsi watu walivyofanya kazi. Mwaka 2012 UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na Bois du Cazier na maeneo mengine mawili ya migodi ya Wallonie. Tanuru za chuma nazo zilizimika. Mwaka 2011 kampuni ya ArcelorMittal ilitangaza kwamba haitayeyusha tena chuma Liège, na maelfu ya familia zikaguswa.

Mhandisi wa Likasi aliyejifunza kazi yake katika mji huo wakati moshi ulikuwa bado unapanda, anajua jambo hili kwa ndani. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondoka katika ile iliyoitwa "départ volontaire". Likasi, Kolwezi na Lubumbashi zinakumbuka miaka hiyo: mishahara iliyochelewa miezi na miezi, shule za kampuni zilizodhoofika, hospitali zilizoanza kudai pesa kwanza, na baba wa nyumba aliyekaa kivulini akiwa na diploma yake katika sanduku.

Katika miaka hiyo jiko lilibaki mikononi mwa akina mama. Walilima mashamba nje ya mji, waliuza makala, unga na mafuta ya mawese, walikaanga mikate alfajiri na kuipanga katika beseni kando ya barabara. Nyumba nyingi ambazo mshahara wa mgodi uliziacha, mikate hiyo ndiyo iliyolipa shule ya watoto.

Liège ilipita njia inayofanana, ingawa haikuwa na njaa kama yetu, kwa maana serikali yake ililipa pensheni na posho za wasio na kazi. Mchimbaji wa Asturias alizeeka, mapafu yake yakiwa yamejaa vumbi. Watoto wake walikuwa walimu, wauguzi, wafanyabiashara. Wengine walifungua mikahawa. Leo mtu anaweza kukaa mjini Liège wiki nzima asione makaa hata kidogo, lakini hawezi kukosa mahali pa kula tortilla. Mgodi uliowaleta wapishi umefungwa, na jiko lao linaendelea kuwaka.

Hilo ndilo jambo ambalo Likasi inaweza kulifikiria leo, wakati magari makubwa ya madini yanapita tena mchana na usiku katika barabara ya taifa namba 1. Shaba inapanda bei, kobalti inatafutwa na dunia nzima, kampuni mpya zinakuja. Siku moja nazo zitakwenda. Ni vizuri mji ujue mapema ni vitu gani vyake vitakavyobaki, na nani anavishika.

Kurudi kunagharimu

Si kila aliyesoma Liège anaweza kurudi kula bacalao. Mlango wa kwanza ni viza ya Schengen. Tangu Juni 2024 kuiomba peke yake kunagharimu euro 90 kwa mtu mzima, nazo hazirudishwi hata ombi likikataliwa. Kisha kuna karatasi: barua ya mwaliko au hoteli, bima ya safari, uthibitisho wa pesa benki, uthibitisho kwamba mtu ana sababu ya kurudi nyumbani. Kuwa na diploma ya Ubelgiji ukutani hakumfungulii mtu mlango.

Kisha kuna safari yenyewe: gari hadi Lubumbashi, ndege hadi Bruxelles kwa kupitia Kinshasa au Addis Abeba, na treni. Kwa mstaafu wa Gécamines ni hesabu ambayo mara nyingi haikubali. Wengi wanaofanikiwa ni wale wanaotumwa na kazi, wanaoalikwa na chuo, au wanaoitwa na mtoto aliyebaki huko, mara nyingine kwa ndoa au kwa ubatizo wa mjukuu.

Ndiyo maana wengine wanarudi Liège kwa njia ya jiko. Na hapa kuna habari njema: kati ya vyakula vyote vya Uhispania, tortilla inaweza kupikwa Likasi leo jioni, kwa vitu vya sokoni, juu ya mbabula.

Inapikwa hivi. Kwa watu wanne, tafuta mayai sita, viazi ulaya, yaani pomme de terre, kama kilo moja kasoro robo, kitunguu kimoja kikubwa, chumvi na mafuta. Menya viazi, vioshe, vikate vipande vyembamba na uvikaushe kwa kitambaa. Pasha mafuta mengi katika kikaango, lakini moto usiwe mkali. Ondoa makala kadhaa kama mbabula imewaka sana. Tia viazi na kitunguu, viive polepole kwa dakika 20 hivi. Vinatakiwa vilainike kama vya kuchemsha, visikauke kama chipsi. Vichuje mafuta, na mafuta hayo uyatunze, yatatumika tena.

Piga mayai na chumvi katika bakuli, tia viazi vikiwa na joto, acha dakika kumi ili vinywe mayai. Rudisha vyote katika kikaango chenye mafuta kidogo. Pembeni zikishika, funika kikaango kwa sahani kubwa kuliko chenyewe, pindua kwa mara moja bila kusita, kisha telezesha kimanda kirudi motoni upande wa pili. Dakika chache zinatosha. Ni hapo kwenye kupindua ndipo wengi huharibu mara ya kwanza. Kikivunjika, ladha ni ileile, na watoto hawatalalamika.

Mafuta ya zeituni yanapatikana madukani, lakini bei yake ni ya kufikiria mara mbili. Mafuta ya kawaida ya kupikia yanafaa. Mwasturias aliyefika Liège mwaka 1957 naye alipika kwa alichokipata.

Na kwa anayetaka bacalao, kazi ni ndogo zaidi. Achukue makayabu ya kawaida, ayaloweke usiku, abadilishe maji mara tatu. Kitunguu kingi kikaangwe taratibu mpaka kiwe kitamu, nyanya zifuate, kisha pilipili nyekundu zisizo kali, na samaki mwishoni. Wahispania watakula kwa mkate. Likasi itasonga bukari.